Muvi za Godzilla za Kijapani: nimezimaliza zote 30, na kwangu mimi bora ni hizi

Imenichukua kama miezi minne, usiku usiku baada ya kazi, laptopu kitandani na hedifoni masikioni, ila nimezimaliza. Nazungumzia zile za Toho, kampuni ya filamu ya Kijapani, zenye waigizaji, kuanzia ya 1954 mpaka Minus One ya 2023. Katuni sijahesabu, za Wamarekani pia nimeziacha, maana kule Godzilla ni jitu la kupigana tu, halina uchungu ndani yake. Na mimi kipimo changu kilikuwa hichohicho, muvi ikiisha je bado nawawaza wale watu waliokuwa chini ya miguu yake?

Namba moja ni ile ya kwanza kabisa, Gojira (ndivyo Wajapani wanavyomwita Godzilla) ya Ishirō Honda, 1954. Najua wengi watasema Minus One, hata mimi nilikuwa nasema hivyo mpaka juzi niliporudia hii ya zamani. Haina rangi, inaanza polepole, na ndani ya dude ni mtu, Haruo Nakajima, kavaa suti nzito ya mpira anakanyaga majengo ya kuchonga, na bado inatisha jamani. Mwezi wa tatu mwaka huohuo boti ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, ilinyeshewa majivu ya mionzi ya bomu ambalo Wamarekani walilijaribu kwenye visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki, sasa muvi inafunguka na boti inaungua baharini, we fikiria mtu aliyekaa sinema pale Tokyo mwezi wa kumi na moja aliona nini. Kuna mama kajikunyata na wanawe, moto unakuja, anawaambia sasa hivi tutakuwa na baba yenu. Nilisimamisha hapo nikaenda kunywa maji. Halafu hospitali, mtoto anapimwa na kile kimashine cha mionzi, daktari anatikisa kichwa, basi, hakuna anayeongea. Na Dk. Serizawa, ambaye ana silaha ya kummaliza Godzilla lakini anaiogopa kuliko Godzilla mwenyewe, anachoma karatasi zake zote ili asije mtu akaitengeneza tena.

Angalizo moja, ipo ile ya 1956 ambayo Wamarekani waliikatakata wakamchomeka Raymond Burr kama mwandishi wa habari. Kopi ya kwanza niliyouziwa ilikuwa hiyo na nikaona kawaida tu, kumbe sehemu nzito zimepungua. Tafuta ya Kijapani.

Minus One naiweka ya pili. Takashi Yamazaki kaandika, kaongoza, na kasimamia efekti mwenyewe na timu ya watu 35 tu, wakabeba Oscar ya efekti 2024. Ila kilichonishika ni Shikishima, rubani wa kujitoa mhanga wa Vita ya Pili ya Dunia aliyesingizia ndege mbovu ili asife, vita imeisha lakini kwake haijaisha, anarudi nyumbani jirani anamuuliza kwa nini yeye yupo hai. Sehemu ile ya mtaa wa Ginza pale Tokyo, mlipuko, kimya, mvua nyeusi inaanza kushuka na yeye anapiga yowe, sijaona kitu kama kile kwenye muvi yoyote ya madude. Kinachoinyima namba moja ni mwisho wake, unafariji mno kwa yale yote tuliyopitishwa.

Ya tatu Shin Godzilla, 2016, ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi. Watu wanalalamika ni vikao vitupu, mawaziri wanahama chumba hiki kwenda kile, subtaito zinakimbia mpaka macho yanauma. Lakini hivyo vikao ndo muvi yenyewe! Imetoka miaka mitano baada ya tsunami na ajali ya nyuklia ya Fukushima, na Wajapani walikumbuka vizuri serikali inavyosuasua huku watu wanakufa. Usiku Godzilla anapoiteketeza Tokyo ule muziki unaimba kama msiba.

Baada ya hapo Mothra vs. Godzilla ya 1964 (Mothra ni nondo mkubwa), kisha Godzilla vs. Destoroyah ya 1995, ambayo Godzilla anayeyuka kwa joto lake mwenyewe na muziki ni wa Akira Ifukube, yule yule wa 1954, aliyepata ule mngurumo kwa kusugua nyuzi za besi kwa glovu ya ngozi. Nililia, sifichi. Hedorah ya 1971 haijatulia hata kidogo, dude la uchafu wa viwandani, na Godzilla anapaa kinyumenyume kwa moto wa mdomoni, lakini inawajali watu wanaovuta ule moshi kwa hiyo naipenda. Ile ya 1969 ruka tu, mapigano mengi wameyachukua kwenye muvi za nyuma.

Biollante ya 1989 bado sijaipangia nafasi. Subtaito za kopi yangu zilikuwa zinachelewa nikapoteza stori ya yule binti na waridi, wikiendi hii nimepata nyingine, naianza upya.