Injini na ekzosi za IST, Vitz na wenzake: ununue nini kwanza ukiwa Tanga

Mwenye IST ya cc 1300 akitaka gari "iamke", mtu wa kwanza atakayemuuzia kitu ni muuza ekzosi. Kelele inasikika papo hapo, nguvu haionekani. Kwa injini ndogo isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), ekzosi peke yake ikikupa nguvu ya farasi watatu au wanne, shukuru. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kile ambacho shilingi yako inarudisha, si kile kinachovuma barabara ya Raskazone jioni.

1. Nguvu iliyokwisha kupotea

IST za mwanzo zilitengenezwa 2002 hadi 2007, na Vitz za umbo la kwanza zina umri zaidi ya hizo. Gari ya umri huo ina plagi zilizochoka, ea klina iliyojaa vumbi, throto (mlango wa hewa wa injini) yenye masizi na pengine breki inayong'ang'ania gurudumu. Anza hapo. Plagi za iridiamu hazina farasi wa ziada ndani yake. Sifa yake ni kudumu, hadi kilomita 100,000 hivi, lakini feki zimejaa sokoni, basi nunua kwa mtu utakayemrudia akikudanganya. Kipimo kizuri ni mlima wa Mombo kwenda Lushoto. Unapanda hadi zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Gari ikilegea kidogo, hewa ndiyo imepungua. Ikigoma kabisa, kuna kitu cha kutengeneza kabla ya kuongeza kingine.

2. Ekzosi, kwa sababu itaoza tu

Hapa Tanga ndipo palipo na hoja ya maana ya kubadilisha ekzosi, na kasi haihusiki. Chumvi ya bahari inakula bomba kwa nje, hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni maji ya ndani: petroli ikiungua hutoa mvuke, na mvuke huo hugeuka maji bomba likiwa bado la baridi. Safari ya Ngamiani hadi Chumbageni haitoshi kulipasha na kulikausha. Maji yanalala ndani ya sailensa yakichanganyika na asidi ya moshi, na sailensa inatoboka kuanzia ndani. Ndiyo maana nyingi zina kitundu kidogo chini cha kutolea maji. Fundi akikiziba kwa kuchomelea akidhani ni ubovu, amekufupishia maisha ya sailensa.

Tafuta chuma cha pua. Nenda dukani na sumaku: chuma cha pua cha daraja 304 hakivutwi, au huvutwa kidogo sana, wakati 409 hunasa vizuri. Hiyo 409 bado ni bora kuliko chuma cha kawaida, ila usiilipie bei ya 304. Sisitiza na kuchomelea kufanywe kwa waya wa chuma cha pua, la sivyo kutu itaanzia kwenye maungio.

Kipenyo cha bomba kibaki karibu na cha kiwandani. Bomba pana mno linapunguza mwendo wa moshi, na injini ndogo inapoteza mvuto wa chini, ule unaouhitaji kuondoka kwenye mataa na abiria wanne.

3. Kubadilisha injini: kutoka 2NZ kwenda 1NZ

Hii ndiyo nguvu halisi. 2NZ-FE, ile injini ya cc 1298 iliyo kwenye IST ya 1300, hutoa farasi 87 hivi. 1NZ-FE ya cc 1496 hutoa kama 109. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 75, ila pistoni ya 1NZ inasafiri milimita 84.7 badala ya 73.5. Ni ndugu wa tumbo moja, hivyo kazi haina ukerezaji mwingi. Nunua injini pamoja na kontrol boksi (kompyuta yake), waya na gia boksi yake. Ukinunua vipande vipande utazunguka gereji hadi uchoke. Fungua kifuniko cha oili kabla ya kulipa: ukikuta matope meusi mazito, ondoka. Dai risiti, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na lazima irekebishwe TRA. Bima nao wajulishwe.

Mwenye Passo ya silinda tatu, pole, ubadilishaji huu haukuhusu. Kwako namba 1 na 2 zinatosha.

4. Ea klina ya wazi

Inavuma vizuri, basi. Inavuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti, na hewa ya moto ni nyepesi. Kwa joto la Tanga la Februari unaweza kuwa umepunguza nguvu kwa hela yako mwenyewe. Zile zinazopakwa mafuta zikizidishiwa huchafua sensa ya hewa, na kwenye vumbi la njia za mashamba ya mkonge kichujio cha kawaida cha karatasi kinalinda injini vizuri zaidi.

5. Turbo

1NZ-FE inakandamiza mchanganyiko wake kwa 10.5 kwa 1, ambayo tayari ni juu. Ukiisukumia hewa bila kubadilisha pistoni na kupanga petroli upya, injini itagonga hadi ipasuke. Kwa bajeti hiyo, uza gari ununue yenye turbo ya kiwandani.

Usiloliingiza kwenye orodha kabisa

Kutoa masega, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi (catalytic converter). Fundi atakwambia gari itakuwa nyepesi, na anaondoka nayo bure kwa sababu ndani mna madini ya thamani. Wewe unabaki na taa ya injini inayowaka, maana sensa ya pili ya oksijeni imekosa kazi, na moshi unaochoma macho ya aliye nyuma yako. Masega yakiziba kweli, gari hukosa pumzi kwenye mwendo mkubwa. Hapo mwambie apime msukumo wa moshi kabla hajashika grainda, na yakibadilishwa, dai kuyaona ya zamani.