Taarifa za mtaa kwa WhatsApp, ubaoni na kwa spika: uzoefu wangu Dodoma

Mimi napika na kuuza chakula upande wa Nzuguni, si mbali na stendi kuu ya mabasi na Soko la Ndugai. Kwa kazi hii, taarifa za huduma za jiji ni sehemu ya mtaji. Nikijua leo kwamba kesho maji yatakatika, najaza mapipa jioni. Nisipojua, asubuhi nanunua maji ya dumu kwa bei ya muuzaji, na faida ya siku imeishia hapo.

Ninakoishi tunapata taarifa kwa njia tatu: grupu la WhatsApp la mtaa, ubao wa matangazo kwenye ofisi ya mtendaji, na gari la spika linalopita mara mojamoja. Nimeanza kuzifuatilia kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, kwa hiyo nimeziona chini ya uongozi uliopita na huu uliopo. Kwa ujumla naridhika nazo, na nisingependa kurudi kwenye siku za kusikia mambo kwa jirani. Shida yangu kubwa ni moja: tangazo linakuja, lakini halisemi lini, wapi, saa ngapi, shilingi ngapi na nimuulize nani. Likikosa hata kimoja kati ya hivyo, watu wanapoteza siku.

Kusikia kwa jirani kulitosha zamani mji ulipokuwa mdogo. Sasa hakutoshi. CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu, ilivunjwa 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa jiji, watumishi wa wizara wakahamia, na sensa ya 2022 ikatukuta watu 765,179. Kwenye mtaa wetu kuna mpangaji kutoka Mbeya, mwenye nyumba kutoka Moshi, fundi kutoka Singida, na Wagogo wenyeji waliokuwepo kabla ya barabara. Wengi hawamjui mjumbe wao. Taarifa isipoandikwa mahali, inaishia kwa wenyeji wanaofahamiana.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoniumiza au kuniponya. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mji umekua haraka kuliko mabomba. Mgao ni jambo la kawaida na sina ugomvi nao. Ninachotaka ni ratiba inifikie mapema. Kuna wakati tangazo la matengenezo ya bomba lilitolewa Ijumaa, lakini kwenye grupu letu likaingia Jumapili mchana, bomba likiwa limeshakauka. Anayefowadi alikuwa safarini, na hakuna mwingine aliyekuwa na ruhusa ya kuweka ujumbe. Ile Jumapili nilipika nusu ya chungu. Nilisema kwenye mkutano wa mtaa, na wenzangu wa saluni na wa car wash wakasema vilevile. Tukakubaliana wawepo wasimamizi watatu badala ya mmoja. Tangu hapo ratiba ya maji inatufikia siku inayotolewa, na kwa hili nawapa pongezi zote.

Kitu cha pili ni namna matangazo yanavyoandikwa. Niliwahi kusimama mbele ya ubao nikisoma karatasi moja yenye muhuri wa bluu. Juu kuna kumbukumbu namba, halafu YAH, kwa herufi kubwa, halafu mistari mingi kwamba uongozi unapenda kuwatangazia wananchi wote na kuwashukuru kwa ushirikiano wao. Nilichokuwa natafuta, yaani siku ya mwisho ya wafanyabiashara wadogo kuhakikiwa, kilikuwa aya ya mwisho, juu kidogo ya sahihi, na karatasi ya tangazo jingine ilikuwa imebandikwa nusu juu yake. Mzee mmoja aliyesimama pembeni yangu akaniuliza, "Mwanangu, wanasema lini?" Ilibidi niinue ile karatasi ya juu ndipo nimjibu. Tarehe ingekaa mstari wa kwanza, kwa kalamu nene, yule mzee asingemuuliza mtu.

Chanjo ya surua na rubela ya Februari 2024 ilitufundisha jambo hilohilo. Ujumbe kwenye grupu ulitaja siku na vituo, ila haukutaja umri. Mama mmoja akaandika: "Mwenyekiti shikamoo, wangu ana miaka sita, nimlete?" Swali likakaa pale, juu yake zikaja picha za ufunguzi, mpaka nesi anayeishi mtaani kwetu akajibu kwamba ni watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 5. Maneno manne tu yangetosha tangu mwanzo. Akina mama wengine walikuwa wameshaomba ruhusa kazini.

Lakini niseme na yaliyoniletea faida, kwani ni makubwa kuliko kero. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ulisimamishwa Aprili 2023 kisha ukarudi 2024. Sisi wa kikundi chetu cha akina mama tulijua umerudi kwa sababu ya tangazo la mtaa, na lile lilikuwa tangazo la mfano. Lilieleza kwamba mkopo hauna riba, asilimia nne ni ya wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Likataja vinavyohitajika: kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki, na chini likataja ofisa maendeleo ya jamii wa kata anapatikana siku gani. Tulikaa kivulini na lile tangazo, tukawa tunaweka alama ya vema kwenye kila kitu tulichonacho. Kilichopungua tukakitafuta. Hatukumlipa mtu wa kati hata shilingi, na akina mama wa Dodoma mnajua watu wa kati wanavyojitokeza fedha hizi zikitajwa.

Ubaoni pia hubandikwa taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa. Wengi wanaipita. Mimi naisoma, kwa sababu ndiyo inanipa swali la kuuliza mkutanoni. Naomba tu isibandikwe pale jua linapopiga. Wino unafifia kabla robo mwaka haijaisha.

Gari la spika sina mengi ya kusema. Upepo wa Agosti ukivuma unasikia "wananchi mnatangaziwa" halafu basi. Kwa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi linatosha, maana kila mtu anajua biashara zinafunguliwa baada ya usafi. Kwa jambo lenye tarehe na kiasi cha fedha, halitoshi. Hata hivyo lisiondolewe, kwa sababu wazee wenye kitochi na wasio na bando hawana WhatsApp, na wao wanalipa ada ya taka kama sisi.

Grupu lenyewe liliwahi kujaa matangazo ya viatu, video za mahubiri na salamu za asubuhi hadi taarifa zikawa zinazama. Likafungwa, wakawa wanaandika wasimamizi peke yao. Utulivu ulirudi, ila yule mama mwenye mtoto wa miaka sita leo asingeweza kuuliza. Mimi napendekeza lifunguliwe saa moja kila jioni kwa maswali tu. Mtendaji wetu amesema atalijaribu, na ni mtu anayepokea simu, kwa hiyo namwamini.

Kwa anayehamia: nenda kwanza kwa mjumbe akutambulishe, halafu ofisi ya mtaa uandikwe kwenye daftari la wakazi, ukiwa na kitambulisho na namba ya nyumba ile iliyowekwa kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022. Hapo ndipo utaunganishwa kwenye grupu. Ukiwa na biashara, usisubiri tangazo la leseni. Maombi yanafanyika kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na malipo ni kwa kontrol namba. Ujumbe wowote unaotaja ada na kukupa namba ya simu ya mtu utume pesa, hata kama umeingia kwenye grupu ukiwa na nembo juu, usilipe. Upige picha, uende nao kwa mtendaji.