Dania au sukuma wiki: tupime kwenye mizani

Haya, karibuni tena jikoni kwetu hapa Kisumu. Leo hakuna blenda wala sufuria mpya ya kukagua. Mezani kuna fungu la dania la shilingi kumi na fungu la sukuma wiki la shilingi ishirini, yote mawili nimeyatoa soko la Kibuye asubuhi ya leo, na hapa pembeni kuna mizani ndogo ya jikoni. Watazamaji wa Tanzania, dania ndiyo giligilani mbichi, yale majani yake.

Nimeamua kuyakagua haya kwa sababu kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Unasema dania inaishinda sukuma kwa lishe, eti kijiko kimoja chake ni sawa na sahani nzima ya mboga. Hiyo ya kwanza ina ukweli ndani yake. Hiyo ya kijiko ni uongo mtupu.

Tuanze na jedwali, nisome pole pole. Tarakimu ni za Wizara ya Kilimo ya Marekani, na zote ni za gramu 100 za majani mabichi. Sukuma yetu nimeisoma kwenye mstari wa collard greens, ambalo ni jani la ukoo huo huo wa kabeji. Udongo na msimu vinaweza kuziyumbisha.

Vitamini A, dania ina maikrogramu 337, sukuma 251. Dania juu. Madini ya chuma, dania miligramu 1.8, sukuma 0.5, yaani zaidi ya mara tatu. Potasiamu, miligramu 521 kwa 213, dania tena. Mpaka hapo aliyetuma ule ujumbe anatabasamu. Lakini ngoja. Vitamini C, sukuma miligramu 35, dania 27. Vitamini K, sukuma maikrogramu 437, dania 310. Folati, ile ambayo mama mjamzito huambiwa kliniki asiikose, sukuma maikrogramu 129, dania 62. Na kalsiamu, jamani, hapa dania haina lake: sukuma miligramu 232, dania 67. Protini tusipoteze muda, zote ni kidogo, gramu mbili tatu.

Kwa hiyo kwenye karatasi dania si kiungo cha kupamba tu. Ni mboga kamili ya majani, na kwenye mambo matatu inaipita sukuma. Kasheshe iko kwenye zile gramu 100. Nani hapa amewahi kukaa chini akala gramu 100 za dania?

Sogeeni mwone mizani. Naweka fungu zima jinsi lilivyotoka sokoni, na mizizi yake na udongo wake. Gramu 46. Nakata mizizi, natoa haya majani ya njano ambayo mama mboga huyaficha katikati, narudisha. Gramu 30. Sasa nachukua kiasi kile ambacho wengi wetu hunyunyiza juu ya mchuzi wa watu wawili, hivi, kwa vidole. Gramu 5. Kwa watu wawili!

Sukuma nayo: majani mapana tisa, nimetoa ule uti mgumu wa katikati, gramu 300. Mkiwa wawili mezani kila mmoja ana gramu 150 mbichi. Ikiiva inanywea inakuwa konzi, lakini bado ni zile zile 150 mlizoanza nazo.

Hesabu sasa. Sahani moja ya sukuma, kabla moto haujachukua chake, ina kalsiamu karibu miligramu 350. Mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, kwa hiyo hapo umepata theluthi ya siku kutoka kwa mboga ya shilingi kumi. Na kalsiamu yenyewe ni ya kufika mwilini kweli. Ile mboga tunayoiita spinachi sokoni ina kalsiamu pia, ila imejaa oksalati, ambayo huishika kalsiamu hiyo ikapita tumboni bila kukusaidia sana. Sukuma ina oksalati kidogo, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kama ya maziwa au zaidi. Kwa nyumba ambazo maziwa yote huishia kwenye chai, hili si jambo dogo.

Zile gramu 5 za dania zina kalsiamu miligramu 3. Hata mkigombania kijiko, ni miligramu 3.

Lakini tuiachie dania nafasi. Tuseme hukunyunyiza, ulitumia fungu lote, gramu 30, zote zako. Vitamini K unapata maikrogramu 93, na mwanamke anahitaji 90 kwa siku. Vitamini A unapata kama 100. Na chuma, angalieni hapa, unapata miligramu 0.5, ambayo ni sawa na gramu 100 nzima za sukuma. Fungu hili dogo, la shilingi kumi! Mimi nilijua dania ina chuma, lakini kwamba fungu moja linaweza kusimama na gramu 100 za sukuma, hapo nimeinua kofia.

Tusipagawe, ingawa. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi anahitaji chuma miligramu 18 kwa siku, na nusu miligramu haimtoi mbali. Tena chuma cha majani mwili hukichukua kwa shingo upande. Vinavyousaidia ni vitamini C na nyama au samaki kwenye mlo huo huo. Ukitazama vizuri, watu wa ziwani tumekuwa tukifanya hivyo bila kupima chochote: ngege, yaani tilapia, wa kukaanga, kachumbari yenye dania juu yake, limau pembeni. Omena, wale dagaa wetu, hivyo hivyo. Kinachoharibu ni ile chai ya rangi tunayoshushia chakula kabla hata sahani haijaondolewa. Chai huzuia chuma. Inywe kama saa moja hivi baada ya kula.

Mambo ya jikoni sasa, na hapa nina ugomvi na namna tunavyoitendea sukuma. Mnamjua mama mboga anavyokata: anapanga majani kumi, anayakunja kwa nguvu, anayabana kiganjani, halafu kisu kinapita kuelekea kidole gumba, chakacha chakacha, nyuzi nyembamba zinadondoka kwenye mfuko bila yeye hata kuangalia, huku anakuuliza habari za watoto. Ni ustadi, mimi siuwezi. Lakini zile nyuzi zikifika nyumbani tunaziosha. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, folati pia, na jani lililokatwakatwa lina kingo nyingi za kuvujia. Halafu tunaweka motoni mpaka rangi inageuka kama majani makavu, na vitamini C hufa kwa moto. Kwenye jedwali ulikuwa na 35, kwenye sahani sijui kama umebakiwa na nusu. Mwambie akupe majani mazima. Osha, kisha kata, si nyembamba sana, kitunguu na nyanya vikishaiva tumbukiza, funika, dakika tano inatosha. Mafuta usiyaogope, kijiko kimoja au viwili, kwa sababu vitamini A na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta.

Dania ina bahati hapa kwa kuwa haipikwi. Inaingia mwisho, moto umezimwa, kwa hiyo vitamini C yake kidogo inabaki ilivyo. Ila kuliwa mbichi kuna gharama yake. Hiki kimea kinakaa chini kabisa, mvua ikinyesha tope linarukia majani, na maji yaliyomwagilia shamba hujui yametoka wapi. Fungua fungu, usioshe likiwa limefungwa, tenganisha shina moja moja chini ya maji safi yanayotiririka. Kukiwa na kipindupindu mtaani, kachumbari ya nje achana nayo kabisa.

Na ile habari ya kuchemsha dania unywe maji asubuhi kusafisha figo? Figo hujisafisha zenyewe, na sijaona sababu ya kuyanywa hayo maji badala ya kula jani lenyewe. Kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa figo ni hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi daktari humwambia apunguze potasiamu, na dania imejaa potasiamu, na potasiamu hutoka kwenye majani ikaingia kwenye maji. Neno jingine ni kwa wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Majani haya yote mawili yana vitamini K nyingi, na vitamini K hupingana na dawa hiyo. Si kwamba usile, ila kiasi kisirukeruke, leo sahani mbili na wiki nzima hakuna. Zungumza na daktari wako.

Uamuzi wangu, maana najua kuna walioruka video mpaka hapa: ukiwa na shilingi ishirini tu, nunua sukuma. Kwa kalsiamu, kwa folati, kwa kushiba, hakuna ubishi, na dania ya kunyunyiza haiwezi kuichukulia nafasi. Ukiwa na thelathini, ongeza dania, lakini uile kama mboga. Katakata fungu zima pamoja na mashina yake laini, changanya na nyanya, kitunguu, limau na nusu parachichi. Mashina yana harufu kuliko hata majani, na sisi tunayatupa.

Kuna wale mnaosema dania ina ladha ya sabuni. Hamjidekezi. Kuna watu wenye jeni inayowafanya wainuse harufu fulani ya dania kwa ukali kuliko wengine, na hiyo harufu inafanana na ya sabuni kweli. Ninyi kuleni sukuma yenu kwa amani.

Ya kuhifadhi haraka haraka: dania isimame kwenye glasi yenye maji kidogo, mizizi chini, kama huna friji hukaa siku mbili bila kulegea. Sukuma usiioshe mpaka siku ya kupika.

Ugali umeiva, ngege yuko tayari, na fungu lote la dania linaingia hapa juu. Video ijayo nawapima mboga zetu za kienyeji, osuga (mnavu) na dek (mgagani), na watu wa Kakamega najua mtadai mrenda uwemo. Utakuwemo. Erokamano, asanteni.