Suzuki Swift Sport, RS au XG: ipi inafaa Nairobi?

Kwenye yadi ya magari, Swift yenye bampa kali na rimu nyeusi huitwa Sport bila kupepesa macho. Mara nyingi ni RS. Kabla ya kuzungumza bei, fungua boneti usome namba ya chesisi kwenye kibati, kisha uilinganishe na logibuku. Kwa zilizotoka kiwandani Japani kuanzia 2017 hadi 2023, namba inayoanza na ZC33S ndiyo Sport: lita 1.4, turbo, nguvu za farasi 140. ZC83S ni ya kawaida, lita 1.2 na farasi 91. XG imo humu. RS nyingi utazikuta kwenye ZC53S, ambayo ni 1.2 iliyoongezewa mota ndogo ya haibridi. ZC13S ni RSt, lita 1.0 yenye turbo, na haionekani sana.

Usidanganywe pia kwamba Sport ni ghali kwa sababu ya "ushuru wa injini kubwa". Zote ziko chini ya cc 1,500, kwa hiyo kiwango cha ushuru wa bidhaa ni kilekile. Tofauti inatokana na thamani ya gari kwenye orodha ya KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) na bei ya mnada Japani.

1. XG (ZC83S)

Kama siku yako ni Rongai hadi mjini na kurudi, au Thika Road asubuhi gia ikiwa D na mguu kwenye breki, hapa ndipo pa kuweka pesa. Ni nyepesi, chini ya kilo 900, inatumia Super ya kawaida bila kulalamika, na tairi za 175/65R15 hupatikana hata kwa muuzaji mdogo. Breki za nyuma ni za dramu. Kwa mwendo wa mjini zinatosha kabisa.

Kinachoiua ni oili ya gia. Otomatiki yake ni CVT, yaani gia ya mkanda na puli, na inataka oili ya CVT iliyotajwa na Suzuki. Fundi akimimina ATF (oili ya otomatiki za kawaida), mkanda wa chuma huanza kuteleza kwenye puli: gari hutetemeka likiondoka, na injini hulia juu bila mwendo kuongezeka. Ukiona hayo kwenye majaribio, ondoka. Hata likiwa zima, kama hakuna rekodi ya oili hiyo, ibadilishe wiki ya kwanza, halafu kila kilomita 40,000.

2. Sport (ZC33S)

Imeshika nafasi ya pili kwa sababu ya barabara zetu, si kwa sababu ya gari lenyewe. Kwa anayeenda Naivasha au Nakuru kila wikendi, ningeipandisha iwe ya kwanza.

Sababu ni hewa. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Farasi 91 za XG hubaki 77 hivi, na Limuru hupungua zaidi. Turbo huziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Ongeza kwamba msukumo (torque) wa Sport ni Nm 230 dhidi ya 118 za XG. Ukipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori, watu wanne ndani na buti limejaa, XG utaikanyaga hadi sakafuni na bado usubiri. Sport inapita na kurudi kwenye njia yake mapema. Otomatiki yake pia si CVT, ni ya gia sita za kawaida. Ya manual, yenye gia sita, ni tamu, lakini Jogoo Road saa kumi na moja jioni goti la kushoto la klachi litakuuliza.

Gharama yake iko kwenye petroli na tairi. Imetengenezwa kwa oktani ya juu, ambayo bei yake haimo kwenye tangazo la bei za mafuta la EPRA (mamlaka ya nishati) la kila tarehe 14. Ukiipa Super ya kawaida, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge, na nguvu uliyolipia inapungua. Tairi ni 195/45R17: ukuta wake ni milimita 88 tu, wakati wa XG ni 114. Shimo ambalo XG inalimeza, Sport inalipokea kwa rimu.

Kwa hiyo kagua rimu kabla ya kulipa. Inua gurudumu kwa jeki, shikilia ncha ya bisibisi karibu na ukingo wa ndani bila kuugusa, kisha zungusha kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kufinyika, rimu imepinda, na usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa.

3. RS (ZC53S)

Bampa ya Sport, moyo wa XG. Rimu za inchi 16 na shoksi ngumu kidogo hufanya ishike kona vizuri zaidi, ila mlima haujui bampa. Una pia betri ya lithiamu chini ya kiti cha abiria wa mbele, kitu kimoja zaidi cha kukaguliwa kwa mashine ya kusoma hitilafu. Bei ikilingana na XG, chukua. Muuzaji akiongeza pesa kwa ajili ya herufi hizo mbili, mwachie gari lake.