Kliniki inayompima mtu uzito bila kumwaibisha

Kliniki ya lishe na presha niliyohudumiwa huku Ntinda, jijini Kampala, inastahili sifa kwa jambo ambalo hospitali nyingi hulipuuza, nalo ni namna ya kumpokea mtu mnene. Mizani iko ndani ya chumba chenye mlango, si ukumbini mbele ya foleni, na muuguzi huandika kilo kwenye kadi bila kuzitamka. Kabla sijapanda aliniuliza, "Nyabo, ungependa kuiona namba, au niandike tu?" Viti vya kungojea havina mikono, na kipima presha kina mkanda mpana, jambo ambalo si anasa hata kidogo, kwa kuwa mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji.

Kilichonigusa zaidi ni daktari kuuliza habari za usingizi na huzuni kabla ya kuuliza ninakula nini. Tafiti nyingi zimehusisha kudhihakiwa kwa sababu ya unene na sonona, wasiwasi, ulaji wa kupindukia na tabia ya kukwepa hospitali. Kwa hiyo anayemwaibisha mgonjwa akidhani anamhimiza kupungua humfukuza penye tiba. Hapa Uganda aibu hiyo huja kutoka pande mbili, maana tangu silimu, yaani UKIMWI, ilipoanza kuwakondesha watu miaka ya 1980, aliyepungua naye hunong'onwa, na wapo wanaoogopa kupunguza uzito hata wanaposhauriwa.

Dosari zipo. Mhudumu wa mapokezi alimwambia mama mmoja mbele yetu sote, "Umenenepa sana siku hizi!" Najua kwetu maneno hayo mara nyingi husemwa kwa nia njema, lakini mama yule alijifunika leso mabegani, akainama, asiseme neno mpaka alipoitwa. Mafunzo waliyopewa wauguzi yawafikie pia walioko mapokezini na getini, kwa sababu mgonjwa hukutana nao kwanza. Mshauri wa afya ya akili naye huwapo Alhamisi pekee, na ada yake ya shilingi 60,000 ni mzigo kwa muuza mboga wa soko la Nakawa.

Pamoja na hayo, ninaipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa aliyekwisha kuacha kliniki kwa sababu ya kuogopa mizani. Aende Alhamisi mapema, aombe kuonana na mshauri kabla ya kupimwa, hawakatai.