Mlo wa Nusu Saa: Kibanda cha Chakula Karibu na Barabara ya Lunga Lunga

Kibanda ninachokitathmini hapa hakina jina lililoandikwa mahali popote. Kiko katika Eneo la Viwanda la Nairobi, kwenye kichochoro kinachotoka Barabara ya Lunga Lunga kuelekea mtaa wa mabanda wa Mukuru, na wateja wake, ambao karibu wote ni wafanyakazi wa viwanda vilivyokizunguka, husema tu kwamba wanaenda kwa Mama. Mimi ni karani katika ghala lililo jirani, na nimekula hapo muda mrefu wa kutosha kuamini kwamba kinastahili kupimwa kwa uzito uleule tunaoupa mikahawa ya katikati ya jiji. Kazi kinayoifanya ni ngumu kuliko ya mikahawa hiyo: kulisha umati wenye njaa ya kweli, kwa bei wanayoimudu, ndani ya nusu saa waliyopimiwa na mwajiri.

Viwanda vingi vya hapa hutoa mapumziko ya mchana saa saba kamili. Robo saa kabla ya hapo, Mama na wasaidizi wake wawili huacha kupika na kuanza kupakua. Chapati zimekwisha kukunjwa mara mbili na kupangwa ndani ya hotpoti. Sufuria za ndengu, maharagwe, kabeji na sukuma wiki zimeteremshwa motoni na kuwekwa kwa mpangilio usiobadilika, ili mkono wa anayepakua ujue njia bila macho kutafuta. Sahani za mchanganyiko unaoagizwa zaidi, yaani ndengu kwa chapati mbili, hupakuliwa mapema na kufunikwa. King'ora kinapolia, wateja wa kwanza hufika karibu wakikimbia, na mtu hajamaliza kukung'uta maji ya mikono kabla chakula chake hakijawekwa mezani. "Mama, leo niwekee madondo," yaani maharagwe, husema kijana mmoja wa kiwanda cha rangi, na Mama humjibu bila kuinua kichwa, "Kaa hapo, baba, yako iko tayari."

Kwenye nguzo inayotazamana na mabenchi kumetundikwa saa kubwa ya duara, ambayo Mama huilinganisha na king'ora kila asubuhi. Mgeni anaweza kudhani ni pambo. Lakini katika viwanda kadhaa vya hapa simu haziruhusiwi karibu na mitambo, hivyo wafanyakazi huziacha kwenye makabati na kuja kula bila kujua ni dakika ngapi zimebaki, huku anayechelewa kurudi langoni akikatwa sehemu ya ujira wake. Saa ile ndiyo inayomwezesha mtu kula kwa utulivu, kwa kuwa anaona mwenyewe kwamba bado ana dakika kumi.

Ugomvi kuhusu nani mwenye saa ulianza zamani, mbali na hapa. Katika viwanda vya nguo vya Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, wafanyakazi walilalamika kwamba waajiri waliisogeza saa mbele asubuhi na kuirudisha nyuma jioni, na muda wa kula ukaliwa na mitambo. Mfumaji aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwake alikula alipotaka. Kiwandani, injini ya mvuke ndiyo iliyoamua. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833 iliagiza kwamba vijana walio chini ya miaka 18 wapewe angalau saa moja na nusu kwa siku ya kula, na ile ya mwaka 1844 ikataka muda wa kazi upimwe kwa saa ya hadhara, na watu waliolindwa na sheria hiyo wapate kula kwa wakati mmoja, nje ya vyumba ambamo uzalishaji unaendelea. Kwa hiyo umati unaotoka langoni kwa pamoja saa saba kamili, ambao sisi tunauona kuwa jambo la kawaida kabisa, ni zao la madai ya watu waliochoka kula wakiwa wamesimama kando ya mashine. Hapa Nairobi, Makhan Singh na wenzake wa Labour Trade Union of Kenya, chama kilichoundwa katikati ya miaka ya 1930, waliweka muda wa kazi wa saa 8 kwa siku miongoni mwa madai yao ya kwanza, na yeye mwenyewe baadaye akazuiliwa na serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1950 hadi mwaka 1961. Nayakumbuka hayo kila ninapomwona mtu akiitazama ile saa ya nguzoni na kuagiza chai kwa sababu ameona muda unamruhusu.

Sasa chakula chenyewe. Ndengu za hapa ndizo ninazozisifu kuliko kitu kingine chochote: huchemshwa hadi zikaanza kupasuka, kisha hukaangwa kwa kitunguu, nyanya nyingi na dania inayotiwa mwishoni, na mchuzi wake ni mzito kiasi cha kushikamana na chapati bila kuvuja kwenye vidole. Chapati ni laini, zina matabaka yanayoachana zinapovutwa, na hazinuki mafuta yaliyorudiwa. Ugali hupikwa mgumu, kama wanavyoutaka watu wanaoinua magunia, na hukatwa kipande kinachomtosha mtu ambaye hatakula tena hadi usiku. Githeri ya Jumatatu, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ni nzuri ingawa mahindi yake wakati mwingine huwa bado yanapingana na meno. Nyama, kwa ukweli, siipendekezi. Vipande ni vidogo na hukaushwa mno. Sahani ya ndengu na chapati mbili ni shilingi 90, githeri ni shilingi 70, ugali kwa sukuma wiki na nyama ni shilingi 150, na kikombe cha chai ya maziwa ni shilingi 20.

Kwamba jiji hili lina watu wengi wanaotegemea chakula cha kununua mchana si jambo lililotokea lenyewe. Nairobi ilizaliwa na reli iliyofika hapa mwaka 1899, ikakua kuzunguka karakana na stoo, na kwa miongo mingi waajiri wa kikoloni walimlipa mfanyakazi Mwafrika kana kwamba ni mwanamume asiye na mke wala watoto, aliyekuja mjini kwa muda na ambaye shamba la nyumbani lingeilisha familia yake. Makazi yalifuata hesabu hiyohiyo: mtu alitengewa nafasi ya kitanda katika chumba cha watu kadhaa, si nyumba. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mishahara ya Waafrika, ilikiri kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika sekta ya kibinafsi walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya msingi, na ikapendekeza kwamba mshahara uanze kupimwa kwa mahitaji ya familia. Katika miaka yote hiyo, pengo kati ya mshahara na tumbo lilizibwa kwa sehemu kubwa na wanawake waliouza uji, maharagwe na chai karibu na mahali pa kazi. Mama ni mrithi wao, na viwanda vinavyomzunguka vinanufaika naye kuliko vinavyokiri, kwa kuwa vingelazimika kujenga kantini kama asingekuwapo.

Leo wengi wa wateja wake wana familia zao hapahapa Mukuru, umbali wa kutembea kwa miguu. Niliwahi kumuuliza jirani yangu wa benchi kwa nini haendi kula nyumbani, akanifanyia hesabu ya makaa. Maharagwe ya watu wanne huhitaji jiko liwake kwa saa kadhaa, ilhali sufuria moja ya Mama huwatosha watu wengi kwa moto uleule. Mkewe naye yuko kiwandani, katika kitengo cha kufunga bidhaa. Nani angekuwa nyumbani kupika?

Hilo ndilo badiliko ninaloliona waziwazi zaidi kwenye mabenchi haya. Upande mmoja wa kibanda huketi wanawake wa kiwanda cha nguo, wakiwa bado na nyuzi kwenye mikono ya mashati, na wao hula haraka kuliko wanaume kwa sababu baadhi yao hutumia dakika za mwisho kupiga simu kwa anayewalelea watoto, kwa simu ya Mama mwenyewe, ambayo huwa mezani kwa ajili hiyo. Mama aliniambia kwamba naye alikuwa mfungaji wa bidhaa hadi alipopata mimba ya mtoto wake wa pili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, lakini yeye alikuwa kibarua wa kuitwa asubuhi langoni, na aliyeitwa badala yake siku hiyo ndiye aliyebaki na nafasi. Alianza kuuza mandazi kwa wenzake wa zamani, kisha chai, kisha chakula.

Pengine ndiyo maana daftari lake la madeni linaendeshwa kwa haki ambayo sijaiona kwingine. Mfanyakazi wa mkataba hulipa mwisho wa mwezi. Kibarua hulipa Jumamosi, anapolipwa ujira wa wiki. Na kibarua ambaye hakuitwa siku hiyo hupewa githeri, na deni lake husubiri. Hakuna nyongeza juu ya bei. Jina halisomwi kwa sauti mbele ya watu. Mama hukigeuza kitabu upande wa mdaiwa, humwonyesha mstari wake kwa kidole, na mdaiwa hutia alama mwenyewe. Huko Uingereza waajiri wengi waliwahi kuwalipa watu kwa bidhaa, au kuwalazimisha kununua katika duka la kiwanda, hadi Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1831 iliyotaka ujira ulipwe kwa fedha. Ubaya wa mtindo ule ulikuwa kwamba aliyekudai ndiye aliyekuajiri, na hukuweza kumwacha. Deni la kwa Mama halimfungi mtu kwenye lango lolote. Nimewaona waliohamia viwanda vingine wakirudi kumalizia malipo yao.

Yapo mapungufu, na ningependa yarekebishwe. Mabenchi hayawatoshi watu wote wa saa saba, hivyo wanaochelewa hula wakiwa wamechuchumaa kando ya mtaro, na wakati wa mvua mtaro huo hunuka na kufurika. Moshi wa jiko hugeukia upande wa wanawake upepo unapotoka mashariki. Bati moja la kuukinga lingetosha. Jagi la kunawia ni moja tu, na foleni yake hula dakika ambazo upakuaji wa haraka ulikuwa umeziokoa. Jambo zito zaidi ni kwamba zamu ya usiku haina chochote. Kanuni za jumla za mishahara nchini zinaruhusu hadi saa 52 za kazi kwa wiki ya siku sita, na kwa kazi ya usiku hadi saa 60, na watu wa zamu hiyo hutoka nyumbani na chakula kilichokwisha kupoa. Nilimweleza Mama jambo hili, akasema kwamba taa na mlinzi vingemgharimu zaidi ya faida, na nadhani yuko sahihi. Mzigo huo ungepaswa kubebwa na viwanda vyenyewe.

Asiyefuata king'ora na aje saa sita na nusu, chakula kikiwa kimoto na mabenchi yakiwa matupu, kisha ampishe mwenye nusu saa. Baada ya saa nane kasorobo ndengu huwa zimekwisha na hubaki kabeji na ugali. Malipo ni kwa fedha taslimu au M-Pesa, na wengi wa wafanyakazi hulipa asubuhi wakipita, kabla ya kuacha simu zao. Jumamosi hufunga saa nane, na Jumapili hapiki.