Igizo la vijana Mikindani: nendeni mkalione

Nilikwenda kwa sababu binti yangu aliigiza bibi mwenye shamba la mikorosho. Hadithi waliitunga vijana wenyewe. Wasanii wawili waliosomea chuo cha sanaa Bagamoyo wakawafundisha kupaza sauti bila maiki na kutowapa watazamaji mgongo. Lakini lipiko, yule mchezaji wa ngoma ya Kimakonde avaaye kinyago, alipoingia, kinyago cha mbao kichwani, ngoma zikaharakisha, wazee wa Kimakonde nyuma yangu wakasimama wote. Yale mabega! Kijana yule amefunzwa akafunzika. Taa zilikuwa hafifu, viti vichache, wengi tukakaa mkekani. Kiingilio shilingi 2,000. Ningelipa hata mara tatu. Mwanangu, ambaye shuleni hujibu kwa kunong'ona, jana alisikika hadi barabarani. Nililia, sioni haya kusema.